Bajaji Iliyohitaji Shemeji Mzito

Ungefika nyumbani kwa Fundi Koili kabla ya mambo haya, usingetarajia kukaribishwa sebuleni ukaegemea kiti. Ungekaribishwa, naam, lakini ungekalia kasha la pampu, na kabla hujatulia ungeambiwa, "Usiguse hiyo feni, vanishi bado mbichi." Ukutani zilipangwa mota za mashine za kusaga, zimefunguliwa matumbo kama wagonjwa waliolazwa. Waya wa shaba ulizungushwa kwenye kila kitu kinachozungushika: misumari, chupa, mpini wa ufagio, hata mguu wa meza. Panya mmoja aliwahi kuingia humo, na mtaani kwetu inasemekana alitoka mwenyewe kwa kukosa pa kupita.

Kazi ya Fundi ni kusuka mota zilizoungua. Huutoa waya wa zamani, huhesabu mizunguko yake huku midomo ikitikisika kama mtu anayesali, kisha husuka mpya. "Mota haifi," hupenda kusema. "Inaungua roho tu, mimi naipa nyingine."

Mkewe anauza viazi sokoni, na wote tunamwita Mama Viazi. Ana sauti inayofika mwisho wa soko bila kupaazwa, na ana jambo moja linalomkera maishani. Zamani alikuwa na makochi. Yalikuwa ya kijani, yenye mikono minene, na aliyanunua kwa jasho lake. Siku ilipoletwa pampu kubwa ya kisima, Fundi alimwomba yahamishiwe kwa muda kwa dada mkubwa wa Mama Viazi, anayeishi mlimani. Muda huo uliota ndevu. Ndevu zikaota mvi. Makochi hayakurudi.

Kisha ikaja bajaji. Fundi aliinunua ikiwa mzoga, injini imepasuka, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Aling'oa injini akaiweka uani, kuku wakahamia humo. Mahali pake akafunga mota aliyoisuka kwa mkono wake, chini ya kiti akapanga betri, na juu ya paa akalaza paneli ya sola. Akaipaka rangi za masalia: kijani mbele, njano ubavuni, kahawia nyuma. Watu wakaiita Kinyonga, kwa sababu ya rangi zake na, tuseme ukweli, kwa sababu ya mwendo wake.

Maneno yote yalianzia kwa mshona viatu, jirani yao wa mkabala, ambaye huwa hana haraka ya kazi ila ana haraka ya kusema.

"Fundi," aliita jioni moja, sindano iko mdomoni, "hicho kidude kitafika sokoni kweli, au kitafia njiani tukishonee sanda?"

Watu walicheka. Fundi alivimba kichwa hapo hapo.

"Sokoni?" alisema. "Nitampeleka mke wangu msituni, nimpeleke pwani, nimpandishe mlimani, nimrudishe mpaka mlango huu. Bila tone la petroli. Bila kuomba umeme wa mtu. Bila kuvutwa, bila kusukumwa. Jua na mteremko, basi!"

Mama Viazi alikuwa anaosha beseni. Safari hiyo ya msitu, bahari na mlima alikuwa ameahidiwa tangu siku ya harusi, na tangu siku hiyo alikuwa hajavuka daraja la soko. Aliliweka beseni chini taratibu.

"Baba watoto, umesema mbele za watu?"

"Nimesema."

"Basi na mimi nasema mbele za watu. Ukifika mlango huu kama ulivyosema, sebule ni yako, sitaitaja tena mpaka naingia kaburini. Lakini ukivutwa, hata kwa uzi wa cherehani, mota zote zinatoka siku hiyo hiyo na makochi yangu yanarudi."

"Mimi shahidi!" mshona viatu alidakia, akaipoteza sindano.

Tangu hapo Fundi hakulala vizuri. Sebule ile ndiyo mkono wake wa kulia. Bila sebule hana pa kusukia, na fundi asiye na pa kusukia ni mzururaji mwenye koleo. Akaamua kwamba siri ya ushindi ni wepesi. Aliazima mizani ya mkewe ya kupimia viazi, akapima kila kitu. Kiti cha nyuma kilichokuwa na sponji akakitoa, akasuka cha kamba. Milango akaitoa. Sabuni aliikata nusu. Taulo alilikata nusu, na mke akabaki ameshika nusu yake akiitazama.

"Na mimi utanipima?"

"Wewe nimekusamehe."

"Umenisamehe!" Mama Viazi alishika kiuno. "Sikieni jamani, nimesamehewa kilo zangu!"

Katikati ya kupima, simu ikalia. Alikuwa dada mkubwa wa mlimani. Yeye ni mpishi wa shule, mwanamke wa haiba na wa mwili, na kwao humwita Dada Nanga, kwa kuwa akiketi mahali ameketi. Shule zilikuwa zimefungwa, akauliza kama wakipita kwake wangemchukua washuke naye mjini akatembee.

Fundi aliichukua simu. "Shemeji, nakupenda, lakini Kinyonga si lori."

Upande wa pili kikaja kicheko cha taratibu. "Haya, shemeji. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

Wakaondoka asubuhi, mtaa mzima ukishuhudia. Hakuna aliyesikia mlio. Kinyonga alisogea kimya kabisa, mshona viatu akasema mbona bado hawajaanza, na walikuwa wamekwisha kata kona.

Msituni ndipo Mama Viazi alipogundua jambo la kwanza. Katika gari la petroli mtu husafiri akipiga kelele ili asikike, halafu huchoka, hunyamaza. Ndani ya Kinyonga ulisikia jani likianguka. Ulisikia pia kila neno la mwenzako, na yale aliyokuwa anayasemea tumboni.

"Umesema nini?" Fundi aliuliza.

"Sijasema. Nimeguna."

"Umegunia nini?"

"Miti mikubwa hivi, na wewe miaka yote unaniambia msitu ni miti tu, nimeona mmoja nimeona yote."

Nyani waliokuwa barabarani hawakukimbia, maana hawakusikia kitu kinakuja. Kinyonga alisimama katikati yao kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Mmoja, mzee wa ndevu, aliinama akachungulia mahali palipokuwa na mlango, akawatazama kwa zamu, akachukua ndizi zao zote akaondoka bila haraka.

"Mwizi!" alilia Mama Viazi.

"Mwache," Fundi alisema kwa furaha ya kweli. "Ametupunguzia uzito."

Maganda ya chakula na karatasi zao zote walizirudisha kwenye kikapu, kwa sababu Mama Viazi hukasirika akiona soko likiachwa chafu, na aliuona msitu ule kuwa ni soko la nyani.

Pwani jua lilikuwa la kumwaga. Barabara ilifuata ufuo, na kila betri zilipopungua walisimama, wakageuza paa lielekee jua, wakangoja. Hapo Mama Viazi aligundua jambo la pili: mumewe hajui kukaa bure. Alikaa mchangani dakika chache, kisha mikono ikaanza kuwasha. Akaokota uzi wa wavuvi uliotupwa, akaokota kijiti, akaanza kuzungusha mizunguko huku anahesabu.

"Baba watoto. Bahari ile pale."

"Naiona."

"Unaiona kwa kisogo?"

Kwa aibu alikitupa kijiti. Akakiokota tena, kwa kuwa mkewe alikuwa anajaza gunia chupa za plastiki zilizoletwa na maji na asingevumilia aongeze taka yake hapo. Gunia lile lilimtia Fundi homa. Alilipima kwa jicho mara nyingi mpaka walipolikabidhi kwa wanunuzi wa plastiki barabarani, ndipo akapumua. Ili kupitisha muda, alimfundisha mkewe kuendesha kwenye uwanja mtupu nyuma ya ufuo. Alidhani atapiga kelele za woga. Mama Viazi alishika usukani kama anavyoshika mizani, akazunguka uwanja mara moja, akazunguka tena, akakataa kushuka.

"Toka basi, jua limetosha."

"Bado mzunguko mmoja."

"Unamaliza chaji!"

"Kumbe kitu chenyewe ni rahisi hivi, na wewe unakunja uso kama unaendesha meli?"

Safari ya kupanda mlima ilikuwa ya kukaza roho. Kinyonga alipanda kidogo, akapumzika juani, akapanda kidogo. Sindano ya mita ya chaji ilikuwa inalala chini kabisa walipoingia uani kwa Dada Nanga, naye akiwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, amevaa tabasamu la mtu asiyesahau simu.

"Karibuni. Lori nimelitafuta nimelikosa, basi nipo."

Ndani, makochi ya kijani yalikuwa yanang'aa, yametandikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa, hayana hata kovu. Mama Viazi aliketi, akazama, akafumba macho. "Nafanya mazoezi," alisema.

Na mlima ukamuunga mkono. Ukungu ulishuka mchana huo ukakaa. Kesho yake ulikuwepo, kesho kutwa ulikuwepo. Fundi alipanda ngazi akaifuta paneli kwa kitambaa, akaifuta tena, kana kwamba jua limefichwa na vumbi. Alipiga hesabu zake. Mteremko ungempa chaji, kwa sababu mota yake ikizungushwa na magurudumu hugeuka dainamo, kama ile ya taa ya baiskeli. Lakini Kinyonga alikuwa mwepesi mno. Angetiririka chini kama unyoya, akapata chaji kiduchu, akafia kwenye tambarare. Hapo lazima kamba. Na ikija kamba, kwaheri sebule.

Alisimama barabarani, mikono nyuma, maji yamemfika shingoni. Mbele yake mtu wa mkokoteni alikuwa anashusha magunia ya viazi, visigino vimechimba ardhi, mwili wote umelala nyuma kuuzuia. Nyuma yake mwenzake alishuka na mkokoteni mtupu, anauongoza kwa kidole huku anapiga mluzi.

Fundi aliutazama uliojaa. Akautazama mtupu. Akajipiga kofi la paji la uso lililosikika mpaka jikoni.

Uzito! Mkokoteni uliojaa unataka kumpita mwenyewe, kwa nini? Uzito ndio unaosukuma. Gari zito likizuiwa kwenye mteremko linajaza betri kuliko jepesi. Na yeye alikuwa amekata sabuni nusu!

Aliingia sebuleni kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuomba posa. Dada Nanga alikuwa anamenya njegere kochini.

"Shemeji."

"Naam, shemeji mwepesi."

"Nasikia ulitaka kwenda mjini."

"Nilitaka. Nikaambiwa."

"Maneno ya simu hayo, shemeji, mtandao ulikuwa mbaya. Nakuomba tushuke wote. Na ukiwa na sufuria za chuma, beba. Zote."

Dada Nanga aliweka bakuli pembeni. "Kwanza nijibu. Mimi ni mzito?"

Fundi alinaswa. Akisema ndiyo, amemtukana mara ya pili. Akisema hapana, hana sababu ya kumchukua. Aliangalia dari, akaangalia njegere.

"Shemeji, wewe ni... mali."

"Mali ya uzito gani?"

"Ya kunifikisha nyumbani."

Dada Nanga alicheka mpaka kochi likalia. Alipofuta machozi, aliinama mbele na kushusha sauti. "Na nikikufikisha, makochi haya yanabaki wapi? Maana nimeyalea kama wanangu."

Wote wawili waligeuka kutazama mlango wa jikoni.

"Yanabaki hapa," Fundi alinong'ona.

"Basi naenda kubadili nguo."

"Nimesikia," Mama Viazi alisema, akitokea jikoni na kikombe mkononi. "Nimewasikia wote wawili. Dada, damu yangu mwenyewe, umeniuza kwa kochi?"

"Mdogo wangu, we kaa hapa ulipokaa jana, halafu uniambie ungefanya nini."

Mama Viazi alikwisha kaa, akajua naye angefanya vilevile. Masharti yao hayakukataza abiria, na yeye si mtu wa kugeuza neno. Aliweka kikombe, akajifunga kanga, akatoka kuelekea soko la ng'ambo ya barabara. Aliporudi, alifuatana na yule mtu wa mkokoteni, na juu ya mkokoteni magunia matatu ya viazi, bado vina udongo wa shambani.

Fundi alibaki mdomo wazi. "Mama watoto, unajua hivi vinanisaidia mimi?"

"Najua."

"Vinakunyima makochi."

"Najua! Unadhani sijui?" Sauti yake ilikuwa karibu na kilio. "Lakini wewe umeviona? Umeona ukubwa wake? Huku vinakwenda kwa bei ya kutupa. Nikiviacha hapa, nitavisikia vinaniita usiku. Pakia, kabla sijapata akili."

Wakapakia. Fundi alijaza upepo magurudumu, akakagua breki mara mbili, akafunga magunia. Dada Nanga alikaa katikati ya kiti cha kamba, sufuria mapajani, na Kinyonga akainama kwa heshima.

Sijui kama mlima ule umewahi kushukwa kwa furaha namna ile. Kila kona Fundi aliiachia mota izuie, nayo ikavuma, na sindano ya mita ikainuka kutoka usingizini.

"Imepanda!" alipiga kelele.

"Ni mimi huyo," Dada Nanga alisema.

"Imepanda tena!"

"Mimi tena!"

"Hiyo ni viazi vyangu," Mama Viazi alilalamika. "Msichukue sifa zote."

Walitoka chini ya ukungu, jua likawapokea, na tambarare waliivuka kwa mwendo wa kifalme, maana yake taratibu. Mtu wa baiskeli aliwapita akawapungia. Mchana ulikuwa umegeuka walipoliona daraja la soko. Walibakiza kile kijimwinuko cha kuingia mtaani kwetu, ambacho mtoto hukipanda kwa mguu mmoja.

Kinyonga alifika katikati yake, akavuma kama nyuki ndani ya chupa, akasimama. Sindano ilikuwa imelala.

Dada Nanga alishuka bila kuambiwa, sufuria kichwani. Kinyonga alisogea kiasi cha unyayo, akasimama tena. Na watu wakatoka. Walitoka vibarazani, madukani na saluni, nywele nusu zimesukwa. Mbele ya wote alikuja mshona viatu, anatabasamu mpaka magego, kamba nene imening'inia begani. Aliiweka tayari tangu siku waliyoondoka.

"Fundi, pole na safari. Kamba hii hapa."

Fundi aliushika usukani kwa mikono miwili. Hakumtazama mshona viatu; alimtazama mkewe, na hakuomba kitu. Kamba ikifungwa, mota zinatoka kabla jua halijazama. Mama Viazi angekaa tu alipokaa. Neno moja, "funga," au hata bila neno. Makochi yake yalikuwa yananing'inia pale kwenye bega la mshona viatu.

Yeye aliitazama kamba. Akawatazama watu. Aliwatazama tena kwa jicho jingine, lile la sokoni: mtaa mzima umesimama mahali pamoja, saa ya kufikiria mapishi ya jioni, na hakuna hata mmoja aliyeshika kiazi.

Alishuka, akafungua gunia la kwanza, akachomoa bakuli.

"Viazi vya mlimani! Vimeshuka na hewa yake! Mama Saluni, njoo ushike mwenyewe, uone kama si jiwe! Na wewe wa kamba, sogea pembeni, unaziba wateja!"

Kwanza walicheka. Kisha mmoja akashika kiazi, akakipima kiganjani, akaacha kucheka. Akaja wa pili. Kufumba na kufumbua palikuwa na foleni, na Dada Nanga anagawa kwa kifuniko cha sufuria huku akiwakaripia wanaosukumana kama watoto wa shule. Fundi alibaki ndani ya Kinyonga, hajui acheke au alie, na jua la alasiri likaipiga paneli sawasawa. Gunia la kwanza likaisha. La pili likalegea. Mshona viatu mwenyewe alinunua, akakosa cha kubebea, akavifunga ndani ya shati lake kwa ile kamba.

Gunia la tatu lilipofika nusu, sindano ya mita ilitikisika.

"Tupisheni!" Fundi alisema.

Watu walipisha. Kinyonga alivuma, akafikiri, akapanda. Alipanda polepole kiasi kwamba kuku alimtangulia, lakini alipanda, hakuguswa na mkono wa mtu, akafika mlangoni akasimama mwenyewe. Mtaa mzima ulishangilia, wengi wao wakiwa na viazi mikononi.

Mama Viazi alikuja nyuma kwa miguu, bakuli tupu kwapani. "Sebule yako," alisema. "Sitaitaja tena." Akanyoosha mkono. "Lete funguo."

"Za sebule?"

"Sebule ina funguo? Za Kinyonga."

Neno lake hakuligeuza. Hajaitaja sebule tangu siku hiyo, na makochi yako mlimani, yanalelewa. Lakini kila wiki yeye hupanda mlima akiwa mwepesi, kwa jua, na hushuka mzito, na viazi vyake havitozwi nauli ya lori wala havinuki moshi. Viazi havipendi mvua wala jua kali. Vinapenda mahali pakavu, penye kivuli, penye kuta nne. Gunia la kwanza aliliegemeza karibu na pampu, kwa muda. La pili likakaa juu ya kasha la wageni.

Ukipita leo utamkuta Fundi Koili kibarazani, feni imelala magotini, anahesabu mizunguko kwa midomo. Muulize sebule ni ya nani. Atakujibu bila kusita kwamba ni yake, aliishinda kihalali, mshona viatu ni shahidi. Ila usimwombe akuonyeshe ndani. Mlango haufunguki, viazi vimefika.